Daftari la Nukta: Namna ya Kuishika Pesa ya Mwezi kwa Kalamu, Hatua kwa Hatua

Kazini ninatunza stoo ya vifaa vya ujenzi. Kila mzigo una kadi yake: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio. Nondo moja ikipungua, jioni hiyohiyo inajulikana. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, na miaka yote ya mwanzo nilikuwa nafika tarehe 18 ya mwezi sijui mshahara wangu umekwenda wapi. Mifuko ya saruji iliyotoka Jumanne niliijua yote. Shilingi nilizotoa mfukoni Jumanne hiyohiyo sikuzijua.

Kisha mwenye nyumba akaja kudai kodi ya miezi sita. Sikuwa nayo, nikakopa kwa watu wa kausha damu, na deni lile nililitumikia karibu mwaka mzima. Nilipokaa kulitafakari, jambo moja liliniuma kuliko riba yenyewe: kodi ile haikunivamia. Tarehe yake niliijua tangu siku niliyolipa ile iliyotangulia. Pesa zinazotuangusha wengi wetu ni hizi ambazo siku yake inajulikana kabisa: kodi, ada, sikukuu, sare za shule. Daftari ninaloeleza hapa nililianza kwa ajili ya hizo, na mengine yote yakafuata.

Njia yenyewe inaitwa Bullet Journal. Aliyeibuni ni Ryder Carroll, msanifu wa Marekani ambaye tangu utotoni alikuwa na shida ya kutulia na kuweka umakini, akajitengenezea namna ya kuandika mambo kwa mistari mifupi yenye alama. Aliitangaza kwa watu mwaka 2013. Mimi naiita daftari la nukta, kwa kuwa kila jambo linaanza na alama ndogo. Wajapani nao wana daftari lao la matumizi ya nyumba, kakeibo, ambalo mwandishi wa habari Hani Motoko alilichapisha mwaka 1904 kwa ajili ya akina mama wanaoendesha nyumba. Nimechukua kidogo kwa Carroll, kidogo kwa Wajapani, na sehemu kubwa kwenye kadi za stoo.

Utakaloliona mtandaoni ni madaftari yaliyopambwa kwa rangi, maua na maandishi ya kuchorwa. Kama unapenda kuchora, chora. Ila pesa inatunzwa na tarakimu zilizoandikwa siku ileile, hata kwa mwandiko mbaya.

Hatua ya kwanza: daftari, kalamu, namba za kurasa

Nunua kaunta buku ya kwaya mbili. Ina kurasa 192, jalada gumu, mistari ya kawaida, na inatosha mwaka mzima. Daftari dogo la shule linachanika likikaa kwenye mkoba wiki tatu. Daftari la kuagizwa nje, lile lenye kurasa za vinukta badala ya mistari, halina faida yoyote ya ziada kwa kazi hii. Chukua kalamu ya wino wa bluu au mweusi, na nyekundu moja kwa ajili ya madeni. Penseli usitumie: ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa na uandike sahihi pembeni. Kosa linaloonekana linakufundisha, lililofutwa linarudi.

Kabla hujaandika neno lolote, weka namba za kurasa zote. Inachukua muda mfupi. Kurasa mbili za mwanzo ziache ziwe faharasa. Kila ukifungua ukurasa muhimu, rudi mbele uandike: “Madeni, uk. 8”, “Mwezi wa Septemba, uk. 14”. Bila faharasa, baada ya miezi mitatu utakuwa unatafuta deni la shemeji katikati ya orodha ya nyanya.

Jambo moja la usalama: namba za siri za simu na benki zisiandikwe humo kamwe. Daftari linasahaulika kwenye daladala.

Hatua ya pili: alama chache tu

Ukurasa wa tatu andika alama zako. Zangu ni hizi:

• jambo linalosubiri kulipwa
× limelipwa (naichora juu ya nukta ileile)
> limehamishiwa mwezi unaofuata
○ pesa iliyoingia
– pesa iliyotoka
m makato ya kutuma au kutoa

Kisha herufi ya aina ya matumizi: C chakula, U usafiri, N nyumba (umeme, maji, gesi), S simu, W watu, Z mengine. Aina sita zinatosha. Niliwahi kuwa na kumi na nne. Kila jioni nilikuwa nabishana na nafsi yangu kama sabuni ni ya nyumba au ya usafi wa mwili, na wiki ya pili nikachoka.

Herufi W, watu, usiiunganishe na “mengine”. Nitaieleza huko mbele.

Hatua ya tatu: kuhesabu stoo

Huwezi kuanzisha kadi ya stoo bila kuhesabu kwanza mzigo uliopo. Tenga jioni moja, funga mlango, andika ukurasa wenye safu mbili.

Kushoto, ulichonacho: pesa taslimu, salio la kila laini ya simu, akaunti ya benki, hisa zako kwenye kikoba, zamu yako ya upatu kama haijafika, pesa unazodai watu. Hizi za mwisho zitenganishe, kwa kuwa pesa iliyo mikononi mwa mtu mwingine haiwezi kununua unga leo.

Kulia, unachodaiwa: deni kwa Mangi wa dukani, mkopo wa kwenye simu, mkopo wa kikoba, wa benki, wa Bodi ya Mikopo kama ulisoma kwa mkopo, ulichomkopa kaka. Andika vyote, hata elfu tano. Mimi nilipofika mwisho wa safu ya kulia nilitoka nje kupunga upepo. Lakini usiku ule nililala, kwa sababu deni lililoandikwa lina mwisho, na lile linalozunguka kichwani halina.

Hatua ya nne: ukurasa wa mwaka

Hapa tutakaa, maana ukiacha kurasa nyingine zote na kubaki na huu mmoja, bado utakuwa umefaidika.

Dar es Salaam na miji yetu mingi, kodi inadaiwa kwa miezi sita au mwaka. Ada inakuja kwa mihula. Mshahara unakuja kila mwezi. Matumizi makubwa na mapato hayatembei kwa mwendo mmoja, na hapo ndipo tunapoanguka: miezi mitano tunaishi kama kodi haipo, mwezi wa sita tunaishi kama hakuna kitu kingine isipokuwa kodi.

Chukua kurasa mbili zinazotazamana, zigawe vyumba kumi na viwili, Januari hadi Desemba. Katika kila chumba andika kwa nukta kila malipo makubwa unayojua yanakuja. Uliza na wenzako nyumbani, kwa sababu mama wa nyumba anakumbuka sare na mtoto anakumbuka safari ya shule. Chukua mfano wa mtu anayepokea 700,000 mkononi kwa mwezi, baada ya kodi ya serikali na mfuko wa hifadhi ya jamii kukatwa:

Kodi ya nyumba, 600,000 Juni na 600,000 Desemba: 1,200,000
Ada, 180,000 Januari na 180,000 Julai: 360,000
Sare, viatu, madaftari, Januari: 90,000
Sikukuu: 150,000
Safari ya nyumbani, Desemba: 240,000
Matibabu ambayo hayakwepeki: 120,000

Jumla kwa mwaka ni 2,160,000. Gawa kwa 12, unapata 180,000. Maana yake ni kwamba mtu huyu hana mshahara wa laki saba. Ana mshahara wa laki tano na ishirini, na laki moja na themanini ya kila mwezi tayari ina mwenyewe, hata kama bado imelala kwenye simu yake. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza kwenye hesabu zangu, nilielewa ni kwa nini tarehe 18 ilikuwa inanishinda.

Sasa shida ya mwanzo. Karibu hakuna anayeanza Januari akiwa na mwaka mzima mbele. Tuseme mtu huyu ananunua daftari Agosti, na imebaki mishahara minne kabla ya Desemba. Mbele yake kuna kodi 600,000, sikukuu 150,000, safari 240,000, na Januari ada na sare 270,000. Jumla 1,260,000. Ukigawa kwa nne ni 315,000 kila mwezi. Haiwezekani.

Watu wengi wanaishia hapo, wanafunga daftari. Usifunge. Huo ndio wakati linakulipa, kwa kuwa umejua Agosti jambo ambalo mwaka jana ulilijua Desemba. Una miezi minne ya kuongea. Safari inaweza kusubiri Pasaka: imebaki 1,020,000. Sikukuu inaweza kuwa ya 70,000: imebaki 940,000. Kisha nenda kwa mwenye nyumba sasa hivi, kwa heshima, mwambie: “Mzee, kodi ya Desemba naomba nilete miezi mitatu, na mitatu mingine nilete Machi.” Mpangaji anayekuja miezi minne kabla anasikilizwa tofauti na anayejificha akisikia mlango unagongwa. Akikubali, imebaki 640,000, ambayo ni 160,000 kwa mwezi. Hiyo inawezekana, ingawa inabana. Mzunguko wa kwanza ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu unalipia miezi ambayo hukuweka. Ukishaupita, unarudi kwenye 180,000 yako ya kawaida.

Onyo dogo kuhusu Desemba: waajiri wengi hulipa mshahara mapema kabla ya Krismasi, kisha unaofuata unakuja mwisho wa Januari. Kati ya mishahara hiyo miwili kuna karibu wiki sita. Ada usiipangie kwenye mshahara wa Desemba kama unaweza kuikwepa.

Pesa ya ukurasa huu isikae pamoja na ya matumizi. Laini nyingine ya simu, akaunti nyingine ya benki, popote ambapo lazima usimame na kufikiri kabla ya kuigusa. Mimi najihamishia siku ya mshahara, kabla sijafika nyumbani.

Hatua ya tano: ukurasa wa mwezi

Mwezi unapoanza, fungua ukurasa mpya. Juu andika kitakachoingia. Chini yake, kwa nukta, malipo yasiyobadilika. Kwa mtu wetu yule:

• Ukurasa wa mwaka: 180,000
• Kikoba: 40,000
• Mama: 50,000
• Nauli, 2,400 mara siku 26: 62,400
• LUKU: 20,000
• Maji: 15,000
• Gesi, mtungi mdogo: 25,000
• Bando: 20,000
• Dharura: 20,000

Jumla 432,400. Kinachobaki kwenye 700,000 ni 267,600, ambayo kwa siku 30 ni 8,920 kwa siku, au kama elfu 62 kwa wiki. Namba hiyo ya wiki iandike kubwa, izungushie duara. Ndiyo utakayoibeba kichwani. Bajeti ya mwezi ni ndefu mno kuishika ukiwa umesimama gengeni. Elfu 62 hadi Jumamosi mtu anaweza kuishika.

Pesa za wiki nazitoa mara moja kwa wakala, siku moja, kiasi kizima. Ukitoa elfu tano tano kila siku, makato yanakula mboga yako.

Kama huna mshahara, unaendesha bodaboda, unauza chakula au unashona, chukua miezi mitatu iliyopita na upange kwa ule uliokuwa mbaya kuliko yote. Ukiingiza zaidi, ziada iende moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwaka. Badala ya kutenga kwa mwezi, tenga kila jioni: 180,000 kwa mwezi ni 6,000 kwa siku. Na biashara iwe na daftari lake. Mama ntilie anayelipa ada kwa pesa ya mchele wa kesho hajalipa ada, amekopa mtaji wake mwenyewe, na hakuna mtu wa kumkumbusha alirudishe deni hilo. Dereva wa bodaboda vilevile: hesabu ya bosi, mafuta na pesa ya matengenezo vitoke kwanza, kinachobaki ndicho kipato chako kinachoingia humu.

Hatua ya sita: siku kwa siku

Kila siku ina tarehe yake na mistari michache. Siku moja kwenye daftari langu inafanana na hii:

Jumanne 14
– 2,400 U kwenda na kurudi
– 2,500 C mchana
– 20,000 W matibabu ya shangazi
m 500
– 6,200 C nyanya, vitunguu, mchicha, dagaa
× LUKU 10,000
○ 15,000 jirani amerudisha

Andika mara tu unapolipa, au usiku kabla ya kulala. Ukisubiri kesho, vitu vidogo vinapotea, na vitu vidogo ndivyo vilivyo vingi. Ujumbe wa simu unakusaidia: pitia meseji za miamala za siku hiyo, kila moja ni risiti. Kwa pesa taslimu huna shahidi isipokuwa wewe, kwa hiyo hizo ziandike kwanza.

Makato yaandikwe mstari wake, usiyafiche ndani ya kiasi ulichotuma. Mwisho wa mwezi jumlisha herufi m zote. Jumla yangu ya mwezi wa kwanza ilinifanya nibadilishe namna ninavyotoa pesa.

Kuna kosa ambalo karibu kila anayeanza analifanya. Anatoa 60,000 kwa wakala, anaandika “– 60,000”. Kesho ananunua unga kwa 8,000 ya pesa hiyohiyo, anaandika “– 8,000”. Ameihesabu mara mbili, na mwisho wa wiki daftari linasema ametumia kuliko alichonacho. Kwenye stoo, kuhamisha mabati kutoka ghala la nyuma kwenda la mbele hakuitwi mauzo. Pesa ikitoka kwenye simu yako kwenda mfukoni mwako bado ni yako. Andika mshale, “simu → mfukoni 60,000”, bila alama ya kutoa. Kilichotoka kweli ni makato tu. Kuweka akiba nako ni mshale. Kulipa hisa za kikoba ni mshale pia, ingawa mchango wa jamii wa kikoba, ule ambao haurudi, ni matumizi.

Hatua ya saba: Jumamosi

Kila Jumamosi, au siku yoyote utakayoichagua, hesabu mzigo. Jumlisha kila herufi. Kisha hesabu pesa iliyopo kweli: mfukoni, kwenye simu, benki. Linganisha na salio ambalo daftari linadai uwe nalo.

Hayatalingana. Wiki ya kwanza mimi nilikosa 17,000. Andika mstari: “haijulikani 17,000”, na uendelee. Usibuni matumizi ili hesabu ikae sawa. Nimeona watunza stoo wakifanya hivyo kwa hofu, na ndivyo wizi mdogo unavyofichwa mpaka unakuwa mkubwa. Acha shimo lionekane. Wiki hadi wiki litapungua lenyewe, kwa sababu mkono ukishazoea kuandika, jicho nalo linaanza kuona.

Kisha andika mstari mmoja wa maneno, kwa mfano: “Wiki hii nimekula mchana nje siku zote sita kwa sababu naamka nimechelewa kufungasha.” Tarakimu zinaonyesha pesa ilipotoka. Sentensi hiyo inaonyesha mlango uliofunguka, na mlango ndio unaoweza kuufunga.

Ukiwa umeruka siku tano, au mwezi, usijaribu kukumbuka nyuma. Piga mstari, hesabu ulichonacho leo, andika salio jipya, endelea. Nimefanya hivyo mara kadhaa, na daftari limenipokea kila mara.

Herufi W

Miongozo mingi ya pesa iliyoandikwa ugenini inamchukulia mtu kama yuko peke yake duniani. Sisi hatuko hivyo. Kuna mchango wa harusi, kitchen party, ubani, mgonjwa hospitalini, mtoto wa dada anayehitaji viatu. Hizi si pesa zinazopotea. Siku mama mkwe alipofariki, waliokuja kutushika mkono ni walewale majina yao yamo kwenye daftari langu. Kwa hiyo sikuambii uache kutoa. Nakuambia uziandike kwa heshima zinayostahili.

Fungua ukurasa wa Watu wenye safu nne: jina, shughuli, ahadi, nilichotoa. Kadi ya mchango ikifika, andika ahadi na tarehe ya mwisho siku hiyohiyo. Ahadi ni deni, na ahadi za harusi tatu ulizozitamka kwa furaha miezi tofauti zinaweza kudaiwa wiki moja. Weka kiwango cha W kwa mwezi, tuseme 40,000, kiwe ndani ya pesa yako ya wiki. Kadi ya nne ikija na kiwango kimekwisha, unaweza kusema, “Ndugu yangu, mwezi huu nimeshika 10,000, nitakuja pia kusaidia kupika.” Unalisema kwa moyo mweupe kwa sababu unajua ni kweli.

Nyuma ya ukurasa huo andika waliokuchangia wewe: nani, lini, kiasi gani. Harusi yako au msiba wako ukipita, daftari la kamati hupotea. Hili litabaki, na zamu yao ikifika utajua la kufanya.

Ukurasa wa madeni

Huu naandika kwa wino mwekundu. Kila deni na mstari wake: ulichopokea, utakachorudisha, tarehe, na riba yake kwa mwezi. Riba ipigie hesabu wewe mwenyewe, usikubali ile ya mdomoni. Mtu anakupa 200,000, unarudisha 10,000 kila siku kwa siku 26. Inasikika ndogo. Jumla ni 260,000, yaani asilimia 30 ndani ya mwezi mmoja. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, hawa wenye leseni wasiopokea amana. Ukiiandika namba yako pembeni ya hiyo, jina la kausha damu linajieleza. Na kabla ya kusaini popote, omba kuona leseni.

Wapo wanaoshauri kumaliza deni dogo kwanza ili moyo upate nguvu. Mimi nashauri lile lenye riba kali, kwa sababu kila wiki linayobaki linazaa. Mengine lipa kiwango cha chini kilichokubaliwa, na nguvu zote za ziada peleka kwenye hilo moja. Likiisha, pesa uliyokuwa unalilipa ihamie kwa linalofuata bila kupitia mfukoni. Mikopo ya haraka ya kwenye simu iandike hata ikiwa ni ya elfu tatu: inajikata yenyewe pesa ikiingia, na mtu haoni kwamba kila mwezi anaanza akiwa tayari amepungukiwa.

Ukurasa wa lengo ndio pekee ninaoupaka rangi. Chora visanduku 50, kila kimoja 10,000, kwa akiba ya dharura ya 500,000. Kila ukiweka, paka kisanduku. Mwanangu ndiye anayepaka vya kwetu, na siku ambazo hakuna cha kupaka ananiuliza. Kibubu kinafaa kwa sarafu na noti ndogo, ila kiasi kikikua kihamishie benki. Moto na mwizi havibagui. Pesa ambayo hutaihitaji kwa mwaka au zaidi unaweza kuipeleka kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ile ya UTT AMIS, kampuni ya serikali ambayo mfuko wake wa Umoja upo tangu 2005. Elewa tu kwamba thamani ya vipande, yaani sehemu unazonunua kwenye mfuko, hupanda na hushuka, kwa hiyo kodi ya Desemba haikai huko.

Kuhamisha, mwisho wa mwezi

Hapa ndipo njia ya Carroll ina akili ambayo programu za simu hazina. Mwezi ukiisha, pitia nukta zote ambazo hazijawa ×. Kila moja inayobaki lazima uiandike upya kwa mkono kwenye mwezi mpya, na ile ya zamani uiwekee >. Uvivu wa kuandika unageuka kuwa kipimo. Mimi nina orodha ya vya kununua, kila kitu na tarehe nilipokitamani. Feni, redio, viatu vya Ijumaa. Hakuna kinachonunuliwa kabla ya siku 30. Redio niliihamisha mara mbili, mara ya tatu mkono ukakataa, nikaikata. Feni niliihamisha mara tatu bila kusita, nikajua naihitaji kweli, nikainunua taslimu.

Baada ya hapo linganisha mwezi na uliotangulia kwa mstari mmoja kwa kila herufi, C hadi Z, na uchague herufi moja tu ya kushughulikia mwezi ujao. Kama mna ndoa, fanyeni jioni hiyo pamoja, chai ikiwa mezani na watoto wamelala. Kila mmoja anaweza kuwa na daftari lake la siku kwa siku, lakini ukurasa wa mwaka uwe wa wote wawili, na sahihi za wote.

Daftari linapoelekea kwisha, nunua jipya wiki mbili kabla. Nakili humo vitu vitano: salio la siku hiyo, ukurasa wa mwaka, madeni yaliyobaki, ahadi za W ambazo hazijalipwa, na visanduku vilivyopakwa. La zamani andika mwaka kwenye mgongo wake, uliweke juu ya kabati. Mwaka ujao ukipanga sikukuu, utalishusha uone mwaka huu ulitumia ngapi.